Kabla ya Kupakia Lori, Uliza Kama Kitaota Tena

Ndugu mkulima, ukiutazama mji wa Sultan Hamud na nchi iliyouzunguka, utaona kwamba karibu kila kitu chapita tu. Reli ya zamani yapita, reli mpya yapita, na barabara kuu ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi yapita. Bomba la mafuta lapita tangu mwaka 1978, na bomba la maji ya chemchemi za Nolturesh, karibu na Loitokitok chini ya Mlima Kilimanjaro, lapita pia. Hata mvua hupita. Hunyesha siku chache, hujaza mito kwa saa chache, kisha maji hukimbilia Mto Athi, na mto ule hubadili jina ukaitwa Galana, halafu Sabaki, mpaka uingie baharini karibu na Malindi.

Basi nataka tufikiri pamoja juu ya maswali mawili. La kwanza, katika hayo yote yapitayo, ni nini kinachobaki kwa mkulima? La pili, katika mali tunayoipakia sisi wenyewe ndani ya malori, ni ipi itakayoota tena, na ni ipi ambayo ikienda imekwenda?

Swali la pili ndilo kubwa zaidi. Mtu aweza kuwa maskini kwa sababu hana njia ya kufikia soko. Lakini aweza vilevile kuwa maskini kwa sababu njia ipo, nayo inamchukulia kidogo kidogo kile kilichomfanya aweze kuishi mahali pake.

NCHI YETU ILIVYO

Yafaa kwanza tuijue nchi yenyewe. Sultan Hamud iko katika Kaunti ya Makueni, karibu na mpaka wa Kajiado, katikati ya Salama na Emali. Upande wa kaskazini na mashariki viko vilima vya Kilungu na Mbooni, ambako mvua ni nzuri kiasi cha watu kuweza kulima kahawa. Upande wa kusini na magharibi nchi hushuka ikawa mbuga za Wamasai, zinazoendelea hadi chini ya Kilimanjaro. Kusini-mashariki iko milima ya Chyulu.

Milima hiyo ya Chyulu ina fundisho kwetu. Imetokana na volkeno, na mawe yake yana matundu mengi. Kwa hiyo maji ya mvua hayatiririki juu yake, bali huzama. Watu wakiitazama wakati wa kiangazi huenda wakafikiri ni nchi isiyo na maji kabisa. Lakini maji yale yaliyozama hutokea chini, penye chemchemi za Kiboko, Makindu, Kibwezi na Mzima. Maji ya Mzima yapelekwa kwa bomba mpaka Mombasa, na watu wa mji ule huyanywa. Katika nchi kame, maji yaliyozama hayakupotea. Maji yaliyopotea ni yale yaliyokimbia.

Mvua zetu ni mbili kwa mwaka: ile ya Machi mpaka Mei, na ile ya Oktoba mpaka Desemba. Mkulima wa Ukambani huitegemea zaidi ile ya pili. Lakini uchache wa mvua ni nusu tu ya shida. Nusu nyingine ni kwamba huja kwa kishindo na kuondoka mara moja. Tumeyaona haya kwa macho yetu wenyewe miaka hii ya karibuni. Tangu mwisho wa 2020 mpaka 2022 misimu mitano ilifuatana bila mvua ya kutosha, mifugo ikafa na watu wakapata shida kubwa. Halafu mwisho wa mwaka 2023, na tena katika mvua za 2024, mafuriko yakaja katika sehemu nyingi za Kenya, yakavunja madaraja na kuchukua udongo. Nchi ile ile iliyolia kwa kiu ikalia kwa maji. Mwenye akili hujiuliza: maji ya mwaka wa mafuriko yamekwenda wapi, na kwa nini hatukuyazuia walau machache?

RELI ILITUPITIA

Jina la mji wetu latokana na Hamud bin Mohammed, Sultani wa Unguja tangu 1896 hadi 1902, aliyefika hapa kuitazama reli ilipokuwa ikijengwa. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896. Reli ikafika Nairobi mwaka 1899, na Kisumu mwaka 1901. Walioijenga walikuwa na haja ya kufika Uganda na Ziwa Victoria. Nchi iliyo katikati waliiona kama taabu ya njiani. Stesheni nyingi ziliwekwa kwa sababu gari la moshi lilihitaji maji na kuni. Baadaye maduka ya Wahindi yakafunguliwa kando ya stesheni, na miji midogo ikaota kama uyoga baada ya mvua. Kule Makindu Masingasinga walijenga hekalu lao mwaka 1926, na mpaka leo msafiri akifika hupewa chakula bila malipo. Hilo ni jambo la kukumbukwa, maana ni moja katika mambo machache ambayo njia hii iliyaacha hapa yakawa ya kudumu.

Tena reli ile haikuwa njia tu, ilifanywa ukuta. Baada ya mapatano ya 1904 na 1911, Wamasai walikusanywa katika hifadhi yao ya kusini mwa reli, na Wakamba wakawekwa katika hifadhi zao za upande wa pili. Watu ambao tangu zamani walibadilishana nafaka kwa mbuzi, na siku nyingine wakapigana na kunyang'anyana ng'ombe, waligawanywa kwa vipande viwili vya chuma. Mpaka wa leo wa Makueni na Kajiado una asili yake katika mambo hayo.

Mwaka 2017 reli mpya ilifunguliwa. Gari lake la abiria halisimami Sultan Hamud. Mwenye safari huenda kulipandia Emali. Mwaka huo huo magari ya abiria ya reli ya zamani, ambayo zamani yalisimama katika stesheni ndogo ndogo, yaliacha kwenda kati ya Nairobi na Mombasa. Siandiki haya kwa kulalamika. Gari la kasi haliwezi kusimama kila penye mwembe. Naandika ili tukubali ukweli: njia kubwa hazikujengwa kwa ajili yetu, wala hazitasimama kwa sababu tumezipungia mkono. Zitatufaa tu ikiwa sisi tumejipanga kando yake, na tumejua la kuuza na la kutouza.

WAZEE WALIJUA KUKATAA

Wazee wetu walilijua jambo hilo. Mwaka 1938 Serikali ya wakati ule iliamua kwamba ng'ombe wa Ukambani wamezidi na wanaiharibu ardhi. Ikaamuru wapunguzwe kwa nguvu, na kiwanda kipya cha nyama cha Athi River kilikuwa kinangoja. Ng'ombe walichukuliwa na kuuzwa kwa bei isiyowaridhisha wenyewe. Wakamba kwa maelfu, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi kumwona Gavana, wakakaa huko mpaka shauri lao lisikilizwe. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa mbali, Lamu, lakini amri ya kupunguza ng'ombe kwa nguvu iliachwa.

Lakini hadithi haiishi hapo, na mara nyingi sehemu ya pili husahauliwa. Kweli ardhi ilikuwa imechoka. Makorongo yalikuwa mengi, na wataalamu wa miaka ya 1930 walidhani kwamba nchi ya Machakos, ambayo wakati huo Makueni ilikuwa ndani yake, inakwisha kabisa. Wakulima wale wale waliokataa kunyang'anywa ng'ombe wakaja wakashika majembe. Kwa kazi ya mwethya, jirani akimsaidia jirani, walichimba matuta ya fanya juu: mtaro huchimbwa kukinga mteremko, na udongo wake hutupwa upande wa juu. Wataalamu walipokuja kupima tena mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuta watu wameongezeka zaidi ya mara tano, na hata hivyo mmomonyoko umepungua na miti imezidi.

Basi tunazo sifa mbili za kurithi: kujua kukataa mali isiondoke ovyo, na kujua kutengeneza ardhi kwa mikono yetu. Siku hizi naogopa kwamba sifa ya kwanza inatutoka. Mwaka 1938 ng'ombe walichukuliwa kwa amri. Leo hakuna aliyetuamuru, nasi twapakia wenyewe.

MCHANGA NI GHALA YA MAJI

Tuseme wazi juu ya mchanga. Mito yetu mingi haina maji juu kwa miezi mingi ya mwaka. Lakini kila mama wa Ukambani ajua kwamba ukichimba katikati ya mto mkavu utapata maji. Maji yale yamehifadhiwa na mchanga. Chembe za mchanga zina nafasi baina yake, na mvua inaponyesha nafasi hizo hujaa. Jua likija hukausha sehemu ya juu. Lakini maji yakiwa chini kadiri ya nusu mita au zaidi, jua haliyafikii kwa urahisi. Tena mbu hawazai humo, na mchanga wenyewe huyachuja.

Sasa fanya hesabu nami. Mchanga uliojaa maji una maji kiasi cha robo ya ujazo wake, na pengine zaidi. Lori moja lililobeba mita 10 za ujazo za mchanga limeondoa nafasi ya maji mita mbili na nusu, yaani lita 2,500. Hiyo ni mitungi 125 ya lita 20. Punda abebaye mitungi minne angefanya safari 31, na bado angebakiza mtungi mmoja. Wala si mara moja tu, maana nafasi ile ingejaa tena kila msimu, mwaka hata mwaka. Aliyeuza lori moja la mchanga hakuuza mchanga. Ameuza kisima, na amekiuza kwa bei ya siku moja.

Mtu mwingine atajibu: "Mchanga huja tena na mafuriko." Ni kweli huja, lakini malori huja upesi kuliko mafuriko. Mto ukichimbwa mpaka mwamba, maji ya mvua hayana kitu cha kuyashika. Hupita kwa kasi kama juu ya sakafu. Visima vya kandoni hukauka. Kingo huporomoka, na shamba la mwenye kulima kando ya mto humezwa. Tena misingi ya madaraja na vivuko vya saruji hubaki wazi, kisha huvunjika. Hapo utaona ajabu: lori lililochukua mchanga ndilo lililoharibu kivuko ambacho maembe yako yangepitia kwenda sokoni.

Mwingine atasema: "Nina watoto, karo yadaiwa, na mchanga ndio pesa iliyo karibu." Neno hili silidharau, maana shida ni shida. Lakini tazama ni nani anayepata. Kijana anayechimba na kupakia hulipwa fedha kidogo, naye hufanya kazi ya hatari, kwa maana kuta za mchanga huanguka na kuua watu. Faida kubwa iko mbele ya safari, kwa mwenye lori na kwa mjenzi wa mjini. Tunayebaki na mto uliokufa ni sisi.

Sheria ipo. Mwaka 2015 Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga na kusimamia matumizi yake, na mamlaka maalumu ikawekwa. Mwezi wa Januari 2018 jirani zetu wa Kitui, wakati Bibi Charity Ngilu alipokuwa Gavana, walipigiwa marufuku ya kusafirisha mchanga na makaa nje ya kaunti yao. Hatua hizo zilikuwa za maana. Lakini askari hawezi kulala kando ya kila mto. Aliye karibu na mto usiku ni wewe. Malori ya wezi huingia kwa sababu mtu fulani wa kijijini ameyaonyesha njia, na jirani zake wamenyamaza. Sisemi kwamba mchanga usiguswe kabisa. Nyumba zetu wenyewe na shule zetu zahitaji mchanga. Nasema uchotwe mahali palipopimwa, kwa kibali, na kwa kiasi ambacho mto waweza kurudisha.

Njia iliyo bora ni kufanya kinyume chake: kuuongeza mchanga mtoni. Ukuta wa saruji na mawe ukijengwa juu ya mwamba kukinga mto, mafuriko huacha mchanga nyuma yake, na mchanga huo hujaa maji. Kuta za namna hii zimejengwa kwa mamia katika Kitui na Makueni, hasa tangu miaka ya 1990, na mara nyingi wananchi ndio waliochota mawe na maji ya ujenzi kwa mwethya. Mahali penye ukuta mzuri, safari ya kwenda kutafuta maji hufupika, na pembeni mwa mto huonekana sukuma wiki na nyanya wakati wa kiangazi.

Juu ya makaa naweza kusema kwa ufupi. Mgunga huchukua miaka mingi kukua, na huanguka kwa asubuhi moja. Ukiondoka, kivuli cha mbuzi kimeondoka, maganda yao ya kiangazi yameondoka, na mizizi iliyoshika udongo imeondoka. Huo nao ni mzigo usioota upesi.

YA KUPAKIA YAPO

Je, tupakie nini? Mali inayoota tunayo: ndengu, mbaazi, kunde, mtama, maembe, machungwa, asali, kuku na mbuzi. Hizi ukiziuza mwaka huu, mwaka ujao utaziuza tena, na mto bado uko mahali pake. Lakini hata hizi huuzwa vibaya, na yapasa tuseme sababu.

Tazama maembe. Yaivapo, huiva kwa watu wote kwa pamoja. Mchuuzi huja na lori lake shambani, huhesabu embe moja moja, na hukata bei apendavyo, kwa kuwa ajua embe halimngoji mtu. Akiona njia yako ni mbaya, kwamba lori litazama mchangani au litavunja springi, hasara hiyo haibebi yeye. Huipunguza katika bei yako. Kwa hiyo kila maili ya njia mbovu kati ya shamba lako na lami ni kodi unayolipa bila stakabadhi.

Dawa yake si kumtukana mchuuzi. Dawa ni wakulima wa kijiji kimoja kuleta maembe yao mahali pamoja, yaliyochaguliwa na kupangwa kwa ukubwa, penye kivuli na penye njia nzuri, na kuuza kwa sauti moja kwa njia ya chama chao cha ushirika. Kiwanda cha matunda cha Kalamba kilianzishwa na Kaunti mwaka 2017. Lakini kiwanda hakiwezi kutuma gari kwa kila mwembe. Kinahitaji mzigo uliokusanywa.

Tena usisahau usafi wa matunda. Mwaka 2014 Kenya ililazimika kujizuia yenyewe kupeleka maembe katika soko la Ulaya kwa sababu ya inzi wa matunda, na miaka kadhaa ikapita kabla ya biashara hiyo kufunguliwa tena. Barabara ilikuwepo, ndege zilikuwepo, bandari ilikuwepo. Mdudu mdogo alifunga njia zote. Okota maembe yaliyoanguka, yazike chini kabisa au yafunge katika mfuko mweusi juani, na utege inzi kwa mitego. Ukifanya peke yako utasumbuka bure, maana inzi wa jirani hana mpaka. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Ndengu na mbaazi zina shida nyingine. Wengi huuza wiki ile ile ya kuvuna, wakati bei iko chini kabisa, kwa kuogopa wadudu. Ukizikausha vizuri na kuziweka katika magunia yasiyopitisha hewa, wadudu hufa kwa kukosa pumzi, nawe waweza kungoja bei ipande.

NJIA NDOGO NA MAJI YAKE

Sasa nifikie jambo ambalo mkononi mwetu lipo zaidi. Njia ya udongo ina adui mmoja mkubwa, nalo ni maji. Na shamba kavu lina rafiki mmoja mkubwa, ni maji yale yale. Ni upumbavu gani basi kuyaacha maji yavunje njia, kisha yapite kando ya shamba lenye kiu!

Kila njia ni mto wakati wa mvua. Hukusanya maji kutoka kwenye mteremko na kuyapeleka mbele. Yasipotolewa, huchimba korongo. Lakini ukikata mikato ya kutolea maji kila baada ya hatua kadhaa, na kila mkato ukaongoza maji ndani ya mtaro wa matuta au ndani ya silanga, umefanya kazi mbili kwa jembe moja: njia imebaki kavu, na shamba limekunywa. Wakulima wa Makueni na Kitui wamekuwa wakifanya hivi, na walioyaongoza maji ya njia kwenye miembe na michungwa yao wameona tofauti.

Yako masharti. Kwanza, usichimbe kando ya barabara kuu bila ruhusa ya Mamlaka ya Barabara Kuu, wala usiache maji yakatuama karibu na tuta la barabara, maana yatailegeza. Pili, panda majani juu ya matuta ili udongo ushikwe. Tatu, usielekeze maji kwa jirani aliye chini yako bila kupatana naye. Maji yaliyoachwa kwa nguvu katika shamba la mwingine ni ugomvi, lakini yakigawanywa kwa shauri ni baraka. Mwite bwana shamba au bibi shamba awaonyeshe jinsi ya kupima mteremko kabla ya kuchimba.

Kwa upande wa Kaunti, twaomba nao wasikie. Ukataji wa utepe katika barabara kubwa ni mzuri, lakini kivuko kimoja imara juu ya mto wa mchanga chaweza kuwafaa wakulima wa vijiji vingi zaidi kuliko kilomita moja ya lami mahali ambapo gari tayari lapita. Tena kivuko kikijengwa vizuri juu ya mwamba, chaweza kuwa ukuta wa mchanga papo hapo: gari lapita juu, maji yakaa chini. Wahandisi wa barabara na maofisa wa maji yafaa wakae meza moja kabla ya saruji kumwagwa.

NA JIRANI ZETU

Kuna jambo moja la mwisho. Mji wetu umekaa penye ukingo wa nchi mbili, ya mkulima na ya mfugaji. Mfugaji wa Kajiado ana samadi nyingi bomani, naye hana mabua wakati wa kiangazi. Mkulima wa Makueni ana mabua yanayooza shambani, na udongo wake una njaa ya samadi. Hakuna reli inayohitajika kuunganisha mambo hayo mawili. Mkokoteni wa punda watosha. Mabua yakifungwa na kuhifadhiwa baada ya mavuno huwa mali katika mwezi wa ukame, na samadi huirudishia ardhi nguvu zake. Biashara ya namna hii haimalizi mali ya upande wowote, na hupunguza ugomvi wa malisho, maana mtu hamfukuzi upesi yule anayemnunulia.

Basi, ndugu mkulima, kabla ya mvua za Oktoba, kaeni kikao kijijini kwenu. Ulizeni mambo manne: ni mto gani wetu unaochimbwa, na nani atakayeulinda? Ni kivuko gani kinachotukata na soko, na tumemwandikia nani habari zake? Maji ya njia yetu yaingie shamba la nani kwanza, na kwa mapatano gani? Mzigo wetu wa maembe na ndengu utakusanywa wapi? Andikeni majibu, mchague watu wa kuyafuata, na mpange siku ya mwethya. Na yule kijana anayengoja kuitwa kupakia mchanga usiku, mpeni jembe na nafasi katika chama mapema, kabla lori halijapiga honi.